Siku 90 za Maabara Si Nyingi

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Tumelisikia neno hilo tangu chekechea hata limetuchosha masikio. Lakini kuna jambo linalotokea hapa kwetu, kuanzia Malindi na Watamu hadi Kilifi mjini, ambalo limenifanya nilirudie bila haya. Vijana wengi wanaomaliza shule siku hizi wanataka kusomea usalama wa mitandao. Ni jambo jema, na mafunzo mengi ya aina hiyo yanapatikana kwa njia ya mtandao, mtu akiwa papo hapo nyumbani kwao. Tatizo ni kwamba maabara ya mazoezi hukodishwa kwa siku, na saa yake ikishaanza kuhesabu haisimami. Maoni yangu ni haya: pesa nyingi za wazazi zinapotea kwa sababu tunaufungua mlango wa maabara kabla hatujawa tayari kuingia.

Pengine msomaji atauliza, maabara ya mtandaoni ni kitu gani? Usidhani ni chumba cha mirija na chupa kama kile cha Kemia. Ni tarakilishi za mazoezi ambazo kampuni ya mafunzo imeziweka makusudi zikiwa na kasoro. Mwanafunzi huziingia kutoka mbali, akazitafuta kasoro hizo, akajaribu kuzitumia kama angefanya mdukuzi, kisha akaeleza namna ya kuziziba. Bila mahali kama hapo huwezi kufanya mazoezi, maana kuingilia tarakilishi ya mtu bila ruhusa ni kosa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na makosa ya mtandao inasema mtu wa namna hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hivyo maabara ni lazima. Na wataalamu tunawahitaji. Hatujasahau Julai 2023, tovuti ya eCitizen iliposhambuliwa na wananchi wakabaki wakihangaika kupata huduma.

Tuchukue mfano wa cheti kinachojulikana sana duniani, OSCP cha kampuni ya OffSec. Mojawapo ya njia za kukisomea ni kulipia kozi pamoja na siku 90 za maabara na nafasi moja ya mtihani. Bei yake ni zaidi ya dola 1,500, yaani kwa pesa zetu inakaribia au kupita laki mbili. Mtihani wenyewe ni wa vitendo na huchukua saa 23 na dakika 45. Ukianza saa tatu asubuhi leo, utamaliza saa tatu kasorobo asubuhi kesho. Halafu unapewa saa 24 nyingine za kuandika na kutuma ripoti. Jamani, huo si mtihani wa kwenda nao kwa kubahatisha!

Sasa tufanye hesabu kidogo. Siku 90 ukizizidisha kwa saa 24 unapata saa 2,160. Hesabu hiyo ndiyo inayotudanganya. Kijana anayefanya kazi dukani au hotelini mchana, akarudi nyumbani kuoga na kula, atapata saa mbili za usiku akijitahidi sana. Siku 90 kwa saa mbili ni saa 180 tu. Ondoa siku za harusi na matanga, ondoa siku ya homa, ondoa usiku ambao bando limeisha. Ukiongeza mwezi wa Ramadhani uliangukia katikati, utaona zimebaki ngapi.

Wavuvi wa pweza wanalielewa jambo hili kuliko sisi wenye vitabu. Bamvua likifika, maji yakapwa, mwamba hubaki wazi kwa saa chache tu. Hutamwona mvuvi amefika mwambani ndipo aanze kunoa chuma chake. Chuma kimenolewa jana, kapu liko tayari, na mashimo anayajua. Maji yakirudi, yamerudi.

Nina ndugu yangu mmoja, mtoto wa ami yangu, aliyelipia kozi ya siku 60 katika kampuni ambayo sitaitaja. Pesa zilitoka kwa mauzo ya nazi na mbuzi wawili. Siku ile ile pesa zilipoingia, akabonyeza kitufe cha kuanza. Wiki tatu za mwanzo alizitumia kujifunza amri za Linux, yaani namna ya kufungua faili, kunakili na kutafuta. Mambo hayo yanafundishwa bure mahali pengi. Alipoanza kuzigusa tarakilishi za maabara, zaidi ya thuluthi ya siku zake zilikuwa zimekwenda. Akili anayo, na bidii anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia asubiri.

Zaidi ya hayo, hapa kwetu kuna mambo yasiyo chini ya uwezo wa mwanafunzi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima na maeneo mengine yakakaa gizani kwa saa nyingi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika mwambao wa Afrika Kusini, na mtandao ukawa wa kusuasua Kenya na Tanzania. Aliyekuwa na maabara ya kukodi siku hizo alizihesabia siku bila kuzitumia. Mtu anayeishi kwetu akipanga siku 90 kana kwamba zote zitakuwa na stima na mtandao, huyo anapanga safari ya jahazi bila kuuliza upepo.

Basi tufanyeje? Mimi naona kazi igawanywe mara tatu.

Kwanza, kabla ya kulipa. Kuna mengi ya bure. Mchezo wa Bandit wa OverTheWire unafundisha amri za Linux hatua kwa hatua. Packet Tracer ya Cisco inafundisha jinsi mitandao inavyounganishwa. Kali Linux ni ya bure, na ukiwa na programu ya VirtualBox unaweza kutengeneza tarakilishi pepe ndani ya tarakilishi yako, ukaweka humo Metasploitable, ambayo imeundwa makusudi ikiwa mbovu ili wanafunzi waifanyie mazoezi. Ila usiiunganishe na mtandao wa nje. Ukishaipakua, unaweza kuitumia hata siku ambayo huna bando. Hiyo ni maabara yako mwenyewe, wala haina saa.

Pili, siku zikishaanza. Kila unapokaa, uwe umeandika mapema utafanya nini usiku huo. Ukikwama kwa saa moja na nusu kwenye tarakilishi moja, andika ulipofika uende kwa nyingine. Piga picha za skrini na kunakili kila amri iliyofanya kazi, kwa maana maabara ikifungwa, kitakachobaki mkononi ni daftari lako. Kusoma kurasa ndefu kuwe mchana katika matatu au wakati wa mapumziko; saa za mtandao mzuri ziwe za vitendo.

Tatu, wiki mbili za mwisho. Hizo ziwe za kujipima. Chagua tarakilishi kadhaa ambazo hujazigusa, jiwekee saa, kisha uandike ripoti kamili kama ya mtihani. Na ujizoeze kulala kidogo katikati, kwani mwenye usingizi haoni hata kilicho mbele yake.

Wapo watakaonipinga waseme, "Kijana asipolipa hasukumwi na kitu, pesa ikitoka ndipo akili huamka." Yako maneno ya kweli hapo. Lakini kuna njia rahisi zaidi ya kusukumwa. Jiwekee tarehe, mwambie mwenzako au mwalimu, na usilipe mpaka umwonyeshe daftari lililojaa. Nazo kampuni zina sababu ya kuweka mipaka, kwa kuwa mitambo ina gharama. Hata hivyo, zingetutendea haki zaidi kama zingehesabu saa mtu anazotumia badala ya siku za kalenda. Stima ikipotea Ganze, saa nayo isimame.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Wanaofanya somo la Tarakilishi katika KCSE wana karatasi ya vitendo ya saa mbili na nusu, na wanajua jinsi dakika zinavyokimbia vidole visipozoea. Naomba tarakilishi tatu za maabara yetu zitengwe Jumamosi alasiri, bila mtandao, zikiwa na zana hizi za bure, na mwalimu akiwepo kusimamia. Hazitaigharimu shule pesa nyingi, lakini zitamwokolea mzazi fulani mbuzi wake.

Shime wenzangu! Atakayemaliza shule hii akiwa na chuma kilichonolewa, siku 90 zitamtosha. Asiyekuwa nacho, hata akipewa mwaka mzima ataulalamikia kuwa mfupi.