Mchagua Jembe na Raketi ya Akiba

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Hata hivyo, yeyote aliyelelewa shambani anajua kwamba mkulima hodari huwa na zaidi ya jembe moja: lile zito la kuvunjia ardhi ngumu, na lile jepesi la kupalilia jua linapokuwa kali na mikono imechoka. Kuwa na la pili si uvivu. Ni busara ya mtu anayetaka kulima na kesho. Busara hii ndiyo inayokosekana katika viwanja vingi vya tenisi, ambako mchezaji anayebeba raketi ya pili iliyo nyepesi kuliko ya kwanza hutazamwa kama aliyekiri kushindwa kabla ya mchuano kuanza. Makala haya yanashikilia kwamba raketi hiyo ya akiba ni haki ya mkono, mradi ichaguliwe kwa makini. Kwa maana wepesi peke yake si huruma.

Wapo wanaopinga kwa kutoa mfano wa wachezaji wa kulipwa. Husema kwamba mabingwa hubeba raketi kadhaa katika mkoba mmoja, na zote hufanana kwa uzito na umbo. Hoja hii ni ya kweli, ila haimhusu mchezaji wa kawaida. Mabingwa hubadilisha raketi kwa sababu nyuzi hukatika au hulegea. Wengi wao huchukua yenye nyuzi mpya kila mipira mipya inapoletwa, yaani baada ya gemu 7 za kwanza na kisha kila baada ya gemu 9. Mikono yao huzoezwa kila siku, na nyuma yao wapo matabibu wa viungo. Mwanafunzi anayecheza baada ya mihadhara, au mhadhiri anayeingia uwanjani jioni mara mbili kwa juma, hana hata kimoja katika hivyo. Kuuiga mkoba wa bingwa bila kuwa na misuli yake ni sawa na kuvaa joho la hakimu na kudhani kwamba sheria imeshaingia kichwani.

Isitoshe, hata mabingwa huchoka. Mwaka 2010 huko Wimbledon, John Isner wa Marekani alimshinda Nicolas Mahut wa Ufaransa katika mchuano uliochukua saa 11 na dakika 5, ukaenea siku tatu, na seti yake ya tano ikaisha kwa 70-68. Siku iliyofuata Isner alirejea uwanjani dhidi ya Thiemo de Bakker wa Uholanzi, akashindwa kwa 6-0, 6-3, 6-2. Ikiwa mwili wa mtu aliyeufanya mchezo kuwa kazi yake unaweza kuishiwa nguvu kiasi hicho, sembuse mkono wa mtu ambaye kazi yake ni chaki na kalamu?

Mkono ukichoka, raketi huchelewa kuufikia mpira. Mpira hugongwa ukiwa kando ya mwili badala ya mbele yake. Kiganja huukaza mpini kupita kiasi. Na kazi iliyostahili kufanywa na miguu, kiuno na bega huziangukia kano za kigasha zilizoshikamana na upande wa nje wa kiwiko. Kano hizo zikiteswa mara kwa mara, huzuka maumivu ambayo tangu miaka ya 1880 yamehusishwa na mchezo huu hata yakaitwa kiwiko cha tenisi. Mwenye maradhi hayo huumia anapoinua kikombe cha chai, anapozungusha kitasa cha mlango, anapoandika ubaoni. Yanaweza kudumu miezi mingi. Hapa ndipo ulipo uzito wa suala lenyewe: kinachohatarishwa si pointi moja au seti moja, bali ni mkono.

Kutokana na hofu hiyo, wengine hukimbilia upande wa pili. Hununua raketi nyepesi kuliko zote dukani, wakidhani kuwa kadiri gramu zinavyopungua ndivyo mkono unavyopumzika. Hilo nalo ni kosa. Mpira wa tenisi una uzito wa kati ya gramu 56.0 na 59.4, nao huja kwa kasi. Unapokutana na raketi ya gramu 320, raketi hiyo huendelea na safari yake bila kutikisika sana. Unapokutana na ya gramu 240, raketi husukumwa nyuma na kupinduka kiganjani, na sehemu kubwa zaidi ya mshtuko hupokewa na mkono. Aidha, mwenye raketi nyepesi mno hulazimika kuurusha mkono kwa kasi zaidi ili mpira ufike mbali. Kinachookolewa katika kubeba hulipwa katika kugonga.

Lililo muhimu zaidi ni mahali uzito ulipo. Gramu 10 zikiongezwa kwenye mpini, mkono hauzihisi sana wakati wa kupiga. Gramu zizo hizo zikiwekwa kwenye ncha ya kichwa, raketi hugeuka kuwa nyundo. Ndiyo maana raketi ya gramu 310 iliyoelemea mpinini huweza kuzungushwa kwa urahisi sawa na ya gramu 265 iliyoelemea kichwani. Kwa bahati mbaya, raketi nyingi zilizo nyepesi mno huundwa hivyo, ili kichwa kifidie upungufu wa uzito. Jambo hili hupimwa bila chombo chochote. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 68.5. Ikilazwa juu ya kidole na kutulia sentimita 32 au 33 kutoka mwisho wa mpini, imeelemea mkononi. Ikitulia kwenye sentimita 35 au zaidi, imeelemea kichwani, na hiyo haifai kuwa kimbilio la mkono uliochoka.

Raketi ya akiba iliyo bora, basi, ni ndugu wa ile ya kwanza, si mgeni. Iwe na umbo lile lile, unene ule ule wa mpini na ukubwa ule ule wa uso, ila ipungue gramu 10 hadi 20 tu, hasa upande wa kichwa. Tofauti ikizidi hapo, mchezaji hulazimika kujifunza upya wakati wa kuupiga mpira katikati ya mchuano. Nyuzi nazo zisisahaulike. Zile za poliesta ni ngumu na hazimsamehe aliyechoka. Inafaa ifungwe nyuzi laini, za utumbo wa ng'ombe au za nailoni, tena kwa mkazo wa chini kidogo, kwani mkazo huo huusaidia mpira kwenda mbali bila mkono kuongeza nguvu.

Fauka ya hayo, raketi hiyo izoewe mazoezini, na ichukuliwe mapema. Anayengoja mpaka mkono ugome amechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aidha, uchovu usichanganywe na maumivu. Mkono uliochoka huhitaji zana nyepesi kidogo. Mkono unaouma huhitaji mapumziko na daktari, wala hakuna raketi iliyo badala ya hayo.

Itaulizwa: mwanafunzi atapata wapi fedha za raketi mbili ilhali ya kwanza aliipata kwa taabu? Swali hili ni la haki. Mwenye raketi moja aanze kwa kubadilisha nyuzi, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na faida yake kwa kiwiko ni kubwa. Klabu za tenisi za vyuo nazo, badala ya kununua raketi zote za aina moja, ziweke ghalani chache zilizo nyepesi kidogo ili mwanachama azichukue seti inaporefuka.

Hatimaye, kizingiti kikubwa si fedha bali ni kiburi. Roger Federer wa Uswisi alikuwa tayari na mataji 17 ya mashindano makuu alipoiacha, mwaka 2014, raketi yenye uso wa inchi 90 za mraba akachukua ya inchi 97. Haikuwa nyepesi, lakini ilimsamehe zaidi anapokosea; na mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 35, alitwaa tena ubingwa wa Australia. Ikiwa mtu wa kiwango hicho hakuona haya kuubadili mkono wa pili wa mkono wake, mchezaji wa jioni hana sababu ya kuona haya. Mchagua jembe kwa uvivu si mkulima. Anayelichagua ili msimu ujao naye awepo shambani, huyo ni mkulima kamili.