Muhuri wa Papa Uliogawa Nchi za Watu

Msomaji, ukifika Malindi usiache kwenda kuitazama nguzo ya Vasco da Gama pale ufuoni. Mimi nilisimama chini yake, nikautazama msalaba ulio juu, nikajiuliza: mgeni huyu alipata wapi ujasiri wa kusimika alama katika pwani ya watu wengine? Sehemu ya jibu imo katika barua zilizotoka Roma miaka zaidi ya 40 kabla ya merikebu zake kutia nanga hapo, mwaka 1498.

Barua hizo huitwa bula, nalo ni jina la muhuri wenyewe. Muhuri huo ulikuwa kipande cha risasi kilichoning'inizwa kwa uzi wa katani au wa hariri. Upande mmoja zilikuwako nyuso za mitume Petro na Paulo, upande wa pili jina la Papa. Kiswahili chetu huyaita madini hayo kwa neno lile lile la kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Nadhani hakikukosea.

Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimruhusu Mfalme Afonso V wa Ureno kuwapiga vita Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani daima. Mwaka 1455 akamthibitishia nchi za pwani ya Afrika kuelekea kusini, akawakataza Wakristo wengine kufanya biashara huko bila idhini ya Ureno. Mwaka 1493 Papa Alexander VI naye akawapa wafalme wa Hispania nchi zilizokuwa magharibi ya mstari alioukata baharini. Wenye nchi hawakuulizwa.

Sisemi kwamba barua peke yake ndiyo iliyoichoma Mombasa mwaka 1505. Tamaa ya dhahabu na viungo ilikuwako. Lakini barua iliivika tamaa hiyo joho la dini.

Tuseme haki pia: risasi ile ile ilining'inia katika maneno mema. Mwaka 1537 Papa Paul III aliandika kwamba wenyeji wa bara la Amerika wasinyang'anywe uhuru wala mali zao, hata kama si Wakristo.

Mambo haya si ya kale tu. Julai 2022, Papa Francis alipozuru Kanada, wenyeji walikunjua kitambaa kanisani mbele ya madhabahu wakidai fundisho lile lifutwe. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ikatamka kwamba "fundisho la ugunduzi" si mafundisho ya Kanisa Katoliki, na kwamba bula zile hazikuonyesha ipasavyo usawa wa wenyeji na watu wengine.

Ni neno jema, ingawa limechelewa. Je, latosha? Mimi naona halitoshi, kwa sababu mtoto huendelea kuishi hata mzazi akimkana. Mwaka 1823 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ugunduzi uliwapa Wazungu umiliki wa nchi, wenyeji wakabaki na haki ya kukaa tu. Mwaka 2005 mahakama hiyo ililitaja tena fundisho hilo katika kesi ya ardhi ya Waoneida.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilipotea kwa daftari la mtu mwingine. Maskwota wa pwani yetu, wanaoishi walikozikwa babu zao, wanalifahamu jambo hili. Daftari lililowaumiza halikutoka Roma. Ilikuwa sheria ya ardhi ya Waingereza ya mwaka 1908. Lakini hoja ni ile ile: asiye na hati si mwenyewe.

Sitaki nguzo ya Malindi ivunjwe. Nataka mtoto anayepelekwa kuitazama aelezwe habari za risasi ile pamoja na habari za merikebu. Nazo serikali na mahakama zizipekue hati zilizozaliwa na maneno ambayo aliyeyatoa ameyakana. Mwenye kovu usidhani kapoa.