Tarakilishi mpya zisiwashwe kwa pupa

Ni ada katika shule nyingi nchini kwamba tarakilishi mpya ikiletwa, hushangiliwa, hupigwa picha, kisha huwashwa kwa pupa. Maswali inayouliza mara hiyo ya kwanza hujibiwa yote kwa kubonyeza palipoandikwa “endelea”. Dakika hizo chache twazipuuza, na gharama yake huja kulipwa na mwalimu na mwanafunzi.

Swali mojawapo ni la nchi. Mara nyingi jibu lililokwisha kuwekwa ni Marekani. Mwenye haraka hulikubali, asijue kwamba amekubali mengi kwa pamoja. Huko mwezi hutangulia siku, hivyo Sikukuu ya Madaraka, 1/6, husomeka kama 6 Januari. (Siku ya Kiswahili Duniani, 7/7, imenusurika kwa bahati tu.) Karatasi yao ni milimita 216 kwa 279, ilhali A4 inayouzwa madukani mwetu ni 210 kwa 297. Mwalimu hupanga mtihani wake vizuri kwenye kiwambo, lakini ukichapishwa kurasa huenda kombo, na lawama huangukia mashine ya kuchapisha. Saa nayo isiporekebishwa kufuata ya Nairobi, kazi iliyoandikwa asubuhi yaweza kuonekana iliandikwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kuhusu lugha, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Microsoft ilitangaza mwaka 2004 nia ya kuitafsiri Windows kwa Kiswahili, na leo Kiswahili cha Kenya kimo katika orodha. Hatuoni sababu ya mwalimu wa Kiswahili kufanya kazi kwenye mashine inayopiga mstari mwekundu chini ya kila neno lake kana kwamba amekosea.

Hata hivyo, linalotutia hofu zaidi ni akaunti. Ile ya kwanza kufunguliwa hupewa mamlaka yote: kuweka programu, kuzifuta, hata kufungua faili za wengine. Shule ikiitumia hiyo moja kwa watu wote, na neno la siri likajulikana darasa zima, alama za mitihani zilizomo hazina mlinzi. Mwanafunzi mtundu akizigeuza, tarakilishi itamjua mtu mmoja tu, naye ni “shule”. Hapo ndipo asiye na hatia huitwa ofisini. Akaunti ya mamlaka na ishikwe na mwalimu mmoja anayejulikana. Walimu wengine na wanafunzi wafunguliwe zao za kawaida.

Yapo pia maswali ya kuruhusu kampuni ipokee habari za mahali mashine ilipo na jinsi inavyotumiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa. Anayebonyeza “kubali” kwa niaba ya darasa zima amepewa idhini na nani?

Twaiomba Wizara ya Elimu itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uandamane na kila tarakilishi inayopelekwa shuleni. Wanafunzi nao waitwe kutazama siku ya kuiwasha. Kwa zile zilizokwisha kuwashwa, nchi, saa na ukubwa wa karatasi vyaweza kurekebishwa hata leo, kabla mtihani wa muhula haujachapishwa.