Kabla ya Kumkata Dereva Mshahara, Ifungueni Kebo



Leo sizungumzii nyongeza ya mishahara. Nazungumzia ule mshale mdogo ulio mbele ya usukani, unaoonyesha mwendo wa gari, kwa sababu mshale huo umemkatisha mwenzetu mmoja nusu ya mshahara wake na kumpa jina la mwizi.

Mwenzetu huyo ni dereva wa lori kuukuu. Hubeba mikungu ya michikichi kutoka mashambani hadi kwenye kiwanda cha kukamua mawese, na siku nyingine hupeleka mapipa ya mawese kutoka Rumonge hadi Bujumbura, kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya kando ya ziwa. Mwisho wa mwezi karani alisoma kilomita kwenye spidomita, akalinganisha na lita za mafuta zilizotolewa, akaona lori limekunywa sana na limetembea kidogo. Hesabu ya karani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye namba alizozisoma, maana zilikuwa zimesimama tangu katikati ya mwezi. Tajiri hakuuliza zimesimama kwa nini. Alisema dereva anauza mafuta, na kebo ameifungua mwenyewe ili asijulikane. Katika nchi iliyoona foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta miaka hii ya karibuni, kuitwa mwizi wa mafuta si jambo jepesi. Watoto wa mtu huyo walilisikia sokoni.

Mimi niliishia darasa la sita na si fundi. Lakini nimekaa na mafundi miaka mingi, na nilijua swali la kwanza la kuuliza: je, mshale umekufa peke yake, au na zile namba za kilomita zimekufa pia?

Swali hili lina maana kubwa. Katika gari la zamani spidomita haina umeme wa kuisukuma, ila ile taa yake ya usiku tu. Kwenye giaboksi kuna gia ndogo inayozunguka kila magurudumu yanapozunguka. Gia hiyo inazungusha waya uliosukwa, uliomo ndani ya mpira mrefu unaopanda hadi kwenye dashibodi. Waya ukifika juu unazungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha bati la alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini inakivuta kizunguke pamoja nayo, na springi ndogo kama ya saa inakizuia. Kadiri gari linavyokimbia ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi, na mshale umefungwa hapo. Mjerumani Otto Schultze ndiye aliyeipatia hati miliki mashine ya namna hii mwaka 1902. Namba za kilomita zina njia yake: zinasukumwa na vigia vyenye meno vinavyozungushwa na waya uleule.

Basi mtu anaweza kufikiri akiwa bado kwenye kiti. Kama namba zinakwenda na mshale umelala kwenye sifuri, waya ni mzima na ugonjwa uko ndani ya saa yenyewe. Kama mshale unapanda na namba zimesimama, ni vile vigia vya namba vilivyokatika meno. Kama vyote viwili vimekufa kwa pamoja, tafuta chini kwanza: waya umekatika, au nati yake imelegea, au gia ya kwenye giaboksi imekwisha meno. Mshale ukitetemeka na kurukaruka, na ukasikia mlio kama wa panya nyuma ya dashibodi, waya umekauka grisi au umekunjwa mahali, na siku zake zimehesabika.

Lori letu vilikuwa vimekufa vyote viwili. Nikaomba gari lifunguliwe mbele ya msimamizi, mbele ya dereva na mbele ya chama. Msimamizi hakupenda, lakini alikuja.

Fundi alianza juu. Aliifungua nati nyuma ya saa na kukizungusha kitundu cha saa kwa ncha ya waya mwingine, mshale ukaruka. Kwa hiyo saa ilikuwa nzima, wala haikukaza. Akaingia chini ya gari. Nati ya kwenye giaboksi ilikuwa imekaa sawasawa, imefunikwa na tope na mafuta ya zamani. Ilionekana wazi kwamba hapana mkono uliokuwa umeigusa karibuni. Akaifungua, akautoa waya. Ulitoka vipande viwili. Kipande cha chini alikizungusha kwa vidole akaona hakikwami. Halafu tukapiga jeki magurudumu ya nyuma yote mawili, tukazuia ya mbele kwa mawe, tukaweka vigogo chini ya ekseli, maana jeki peke yake haiaminiki. Gari likawashwa na kutiwa gia ya kwanza. Gia ndogo ikazunguka vizuri. Basi ugonjwa ulikuwa waya tu.

Hapo ndipo ninapotaka tupatazame kwa makini. Waya uliokatwa kwa koleo una mwisho uliobanwa, nyuzi zake zote zimekoma mahali pamoja. Wa kwetu ulikuwa umechanika kama kamba ya mtumbwi iliyosuguliwa na jiwe, nyuzi fupi na ndefu, na kutu juu yake. Tena ulikatikia palepale ambapo mpira wake ulikuwa umekunjwa kwa nguvu na kufungwa kwa kipande cha waya karibu na bomba la moshi. Nani alikuwa ameufunga hivyo? Wiki chache nyuma giaboksi ilikuwa imeshushwa kwa ajili ya klachi, na walioirudisha waliupitisha mpira mahali pasipofaa. Dereva siku hiyo alikuwa amepewa gari jingine.

Ilibaki hesabu ya kilomita. Hatukubishana kwa maneno. Kila mzigo unaofika kiwandani una stakabadhi ya mizani yenye tarehe. Tulizihesabu safari, tukapima njia kwa gari jingine lenye spidomita nzima, tukazidisha. Mafuta yakalingana na kazi. Fedha zilirudishwa kwa awamu mbili. Neno la kuomba radhi halikuja mpaka leo.

Sasa tusifichane, ndugu. Wapo wenzetu wanaofungua kebo kweli, wakapitia njia zao na abiria wao wa faragha, kisha wakaifunga. Tunawajua. Kila mmoja wao anampa tajiri sababu ya kuwashuku kumi wasiofanya hivyo, na chama hakiwezi kusimama upande wao. Lakini tuhuma ithibitishwe kwenye gari, si kwenye meza ya karani. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara hukatwa tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria, au na makubaliano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya bwana mkubwa haimo humo.

Na jambo si fedha tu. Mnaijua barabara ya kwetu. Kutoka Minago kupita Magara hadi Gitaza, mlima uko upande mmoja na maji upande mwingine, na mvua zikizidi mlima unamwaga tope barabarani. Juu ya mikungu ile wanakaa watu, mama zetu wakiwamo. Dereva asiye na mshale anakisia mwendo kwa sikio, na sikio la mtu aliyeamka saa kumi za usiku linachoka. Namba zikisimama hata oili haibadilishwi kwa wakati wake, kwa sababu hakuna ajuaye gari limetembea kiasi gani. Tajiri anayeona waya mpya ni gharama atazame bei ya injini.

Wakati unasubiri waya mpya kutoka Bujumbura, utingo mwenye saa anaweza kukusaidia. Penye mawe ya kilomita, ahesabu sekunde kutoka jiwe hadi jiwe nawe ukishika mwendo mmoja. Gawa 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa, sekunde 72 ni 50, sekunde 90 ni 40. Simu nyingi za sasa hupima mwendo pia, lakini ashike utingo, si dereva. Na kama gari limevishwa matairi makubwa kuliko yake ya asili, usiiamini spidomita hata ikiwa nzima. Itaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda.

Magari mengi ya miaka ya 1990 na kuendelea hayana kebo. Giaboksi ina kifaa kinachotuma umeme kwa nyaya. Huko anza na fyuzi, hasa kama saa nyingine zimekufa pamoja na ya mwendo, kisha tazama plagi ya nyaya kwenye giaboksi kama imeingia maji au kutu, ndipo uzungumze juu ya kununua kifaa. Mafundi wengine huanza kwa kuuza saa nzima. Waambieni waanze chini.

Ombi letu kwa waajiri wa ufuko huu tumelipeleka kwa maandishi: spidomita ikifa, dereva aandike tarehe na namba iliyosimama kwenye daftari la gari, msimamizi atie sahihi siku hiyohiyo, na kuanzia hapo safari zihesabiwe kwa stakabadhi za mizani. Wawili wamekubali. Wengine bado wanasoma barua. Dereva asingoje, aanze kuandika leo, hata kwenye daftari la mtoto wa shule, na amwite mwenzake ashuhudie.

Vile vipande viwili vya waya ninavyo kwenye droo ya ofisi ya chama. Atakayeambiwa ameikata kebo, aje avichukue akavionyeshe, kisha avirudishe.