Kitabu cha Wengi Kisitengenezwe Gizani

Leo nataka kusema na walimu wenzangu, na wote wakutanao jioni kusomeana hadithi na mashairi yao wenyewe. Vyama vya namna hii ni jambo jema. Walakini chama kikiisha kukaa miaka miwili mitatu hutamani kuwa na kitabu chake, na hapo ndipo urafiki huvunjika. Au, lililo baya zaidi, urafiki hubaki na kitabu huharibika.

Katika chama changu mimi (jina lake nalificha) tulikuwa waandishi 11. Mtu alisoma, sisi tukapiga makofi, tukanywa chai, tukaenda zetu. Hakuna aliyethubutu kusema, "Ndugu, hapa hadithi yako inachechemea." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tulisifiana mwaka mzima. Kisha tukaazimu kupiga chapa kitabu. Tukamchagua mzee mmoja aliyetupita wote kwa elimu, tukampa makaratasi, tukamwambia, "Mzee, tutengenezee." Kilipotoka, hadithi ya kwanza ilikuwa ya mkubwa mmoja, haikupata kusomwa mbele yetu hata mara moja, nayo imekula kurasa 20. Na mwalimu mmoja mwanamke, aliyeandika habari za mke aliyerudi kwao kwa kuchoka kupigwa, alikuta mle kitabuni yule mke amemwomba mumewe radhi, wakakaa raha mustarehe. Jina juu ni lake, maneno si yake. Alipouliza akajibiwa ya kuwa mwisho wake ule "haukupendeza".

Najua nitakavyojibiwa: manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, wala sisemi watu 11 washike usukani pamoja. Lakini nahodha akitaka kutupa shehena baharini, huwaambia wenye mali kwanza. Haitupi usiku walalapo, asubuhi akawaonyesha magunia mengine.

Tena jambo hili si geni duniani. Mwaka 1914 Ezra Pound, mshairi wa Marekani aliyekaa London, alitoa kitabu cha mashairi kilichoitwa Des Imagistes. Walikuwamo washairi 11, idadi yetu sisi, na mchaguzi alikuwa yeye peke yake. Amy Lowell, bibi tajiri wa upande wa Boston, alipewa nafasi ya shairi moja tu. Basi mwaka wa pili yake, 1915, bibi huyu na wenzake watano wakatoa kitabu chao, Some Imagist Poets, kwa sheria nyingine: kila mshairi alete kazi aionayo kuwa bora, ambayo haijapata kutoka katika kitabu, halmashauri ndogo, ambayo ilikuwa zaidi ya nusu ya waandishi wenyewe, ipange kitabu na kuamua kipi kiingie na kipi kiachwe, na majina yafuate herufi, ili asionekane mkubwa wala mdogo. Hayo yote waliyaeleza waziwazi katika dibaji. Na tazama matokeo ya herufi: Aldington akawa wa kwanza, na Lowell, aliyehangaika na wapiga chapa kuliko wote, akawa wa mwisho. Nasi mkubwa wetu alitangulia kwa herufi gani?

Pound alikataa kuwa pamoja nao. Aliogopa ya kuwa kitabu cha halmashauri kitashuka ubora, wala hofu yake si ya kuchekwa. Wako wasemao, "Kila aliyetoa ada lazima aingie." Hao nao nawapinga kama ninavyompinga mchaguzi wa gizani. Kitabu ambacho kila mtu ameingia kwa shilingi zake ni daftari la stakabadhi, na msomaji hanunui daftari la stakabadhi. Ikiwa hatutaki mtu mmoja atuchagulie, basi sisi wenyewe yatupasa kuwa wakali, tena ana kwa ana.

Katika nchi ya jirani wako waliolijua hili. Wanawake waandishi wa Uganda walizindua chama chao, FEMRITE, mwaka 1996 pale Kampala. Waliweka siku ya Jumatatu kuwa siku ya kusomeana na kukosoana, wakajifanyia na idara yao ya kupiga chapa vitabu. Mwaka 1998 wakatoa A Woman's Voice, mkusanyiko wa hadithi fupi uliohaririwa na Mary Karooro Okurut, na mwaka 2001 Words from a Granary, uliohaririwa na Violet Barungi. Angalieni, mhariri alikuwapo, na jina lake linajulikana. Sipingi uhariri. Napinga mkono usioonekana.

Twaogopa kukosoana kwa kuwa twadhani ni kuvunjiana heshima. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Mwandishi asomewe kazi yake na mwingine, kwa sauti, naye anyamaze hata wote waishe kusema. Ndipo atakaposikia mahali ambapo msomaji amekwama. Aende nyumbani, atengeneze kwa mkono wake, arudi. Mhariri akiona neno la kubadili, aandike pembeni kwa risasi, amrudishie mwenyewe. Akikataa, hadithi iachwe nje, lakini isigeuzwe. Na karatasi za majaribio zitokazo mtamboni kila mwandishi azione zake kabla kazi haijaendelea.

Hata hesabu ya kurasa isiwe siri. Vitabu vingi hupigwa chapa juu ya karatasi kubwa ikunjwayo kuwa kurasa 16. Karatasi 6 ni kurasa 96: toeni 8 za jina la kitabu, dibaji na yaliyomo, zabaki 88, yaani 8 kwa kila mmoja wa watu 11. Aliyekula 20 amekula 12 za wenzake. Sisi hesabu hii nyepesi, sote walimu, hatukuifanya.

Mzee wetu simchukii. Tulimwachia kazi yetu kwa uvivu, tukaiita heshima, naye alifanya alivyozoea kufanya na madaftari ya wanafunzi.

Yule mwalimu mwanamke hakwenda kushtaki. Anazunguka nyumba kwa nyumba na kalamu ya wino. Kila apatapo nakala huomba ruhusa, huupiga mstari mwisho ule, akaandika wake pembeni kwa herufi ndogo. Jumapili iliyopita alifika kwangu. Nilimletea kiti na meza, naye aliandika mpaka taa zikawashwa.