Mdhibiti Aliyeamshwa na Msiba

Fedha tunazoweka benki, lugha yetu huziita amana: kitu ukabidhiwacho ukitunze. Tarehe 13 Oktoba 2015, wenye amana zao katika Imperial Bank walikuta milango imefungwa. Ubadhirifu wa miaka mingi ulikuwa umefichuka, si kwa jicho la wakaguzi wa Benki Kuu, bali kwa kifo cha mkurugenzi mkuu wake mwezi uliotangulia. Ajabu ni kwamba mwaka uo huo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilikuwa imeiruhusu iuze hatifungani za shilingi bilioni 2! Bima ya amana ilikomea shilingi 100,000. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi 500,000. Hiyo ni tiba, si kinga. Binafsi naona mkaguzi anayepitisha hesabu za uongo mwaka baada ya mwaka ashtakiwe pamoja na aliyeziandika.