Daftari la Wiki: Bosi, Braza na Gaizi

Ukikatiza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku yoyote ya wiki utaitwa majina yote isipokuwa lako. Kaka, braza, bosi, mkuu, chifu, anko, mzee, mwanangu. Muuza soksi hana muda wa kukuuliza wewe ni nani. Anatazama viatu, anatazama kitambi, anatazama mvi, kisha anachagua. "Braza" ni kwa mtu wa kawaida aliyetoka kazini. "Bosi" ni ghali zaidi, na ukishaiitikia usishangae bei ikapanda kabla hujaishika bidhaa. Mimi siku hizi ni anko. Nilidhani kijana ananitania, hadi nilipomsikia akimwita "braza" jamaa niliyesoma naye darasa moja. Jamaa anapaka piko.

* * *

Wanaosikia "bosi" na "braza" wakalalamika kwamba Kiingereza kinaivamia Kariakoo wangeanza na jina la Kariakoo yenyewe. Waingereza waliuchukua mji huu wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na pamoja na askari wakaja na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kikosi kikapiga kambi eneo hili, watu wakalisema jina kwa ulimi wao, likabaki. Nairobi nao wanayo Kariokor yao, iliyozaliwa kwa vita hivyohivyo.

Wapagazi hao, kwa Afrika Mashariki nzima, walikuwa mamia ya maelfu. Walibeba risasi, unga na majeruhi katika nchi ambayo mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe wa jeshi, kwa hiyo mnyama wa mzigo akawa mtu. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na chakula kibovu. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 pale mjini, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki. Sina la kumdai mchongaji. Ila nikiona robota la mitumba likishushwa Mtaa wa Sikukuu kwenye mgongo wa kijana aliyevaa kandambili, naona kazi iliyolipa eneo hili jina bado inaendelea palepale.

* * *

Mkoloni alikuwa na Kiingereza maalumu cha kuwataja wanaume weusi wakiwa wengi, na karibu chote kilikuwa cha daftari la mahudhurio. Chukua manamba. Mtu aliondoka kwao kwa mkataba kwenda kukata mkonge, Tanga au Morogoro, akaandikishwa kwa namba, na namba hiyo ikawa ndiyo yeye. Sisi tukaiongezea "ma" ya wingi, ikakaa kama vile ilizaliwa Pangani. Ama boi: baba mwenye wajukuu, aliyepika na kufua Oysterbay, akiitwa mtoto wa kiume na mtoto mwenyewe wa yule aliyemwajiri. Kwenye malori kulikuwa na taniboi, naye wakati mwingine ana ndevu kuliko dereva.

Manamba wameondoka na mashamba yao, taniboi amegeuka utingo. Boi amebaki, tena ndani mwetu. Hausiboi na hausigeli tunawatamka Ilala, Upanga na Tabata bila kukunja uso, na anayefungua geti huenda ana miaka arobaini. Hilo hatuwezi kumsingizia gavana.

* * *

Kiingereza cha kuchukua wenyewe kina sura nyingine. Mwaka 1935 vijana wa mjini walianzisha klabu ya mpira, baadaye wakajiita Young Africans, katika nchi ambayo neno la kawaida la serikali kwa watu kama wao lilikuwa "native". Kujiita Waafrika, tena vijana, kwa lugha ya mtawala, ilikuwa ni kujibu. Mtaa haukuwa na haja ya jina lote hilo, ukakata ukabaki na Yanga. Leo klabu yenye makao yake Jangwani ina umri wa babu na bado inaitwa Young, na mashabiki wake wanajiita Wananchi. Watani wao wa Msimbazi walipitia Queens na Eagles, wakawa Sunderland, mji wa Uingereza ambao wengi wao hawakupata kuuona, hadi mwaka 1971 walipojiita Simba. Nani alifanya vizuri zaidi, aliyekibadilisha Kiingereza au aliyekitupa, sitasema. Nina ndugu pande zote mbili na Idi tunakula pamoja.

* * *

Masela. Wanasema limetokana na Kiingereza cha baharia, na kwa mji wa bandari sioni sababu ya kubisha. Cha kuchekesha ni kwamba miaka ya karibuni vijana wamelirudisha Kiswahilini: sela amekuwa baharia, hata kama hajawahi kupanda pantoni ya Kigamboni.

Na brazameni yuko wapi? Yule wa suruali iliyopigwa pasi hadi inakata, na sista du wake? Nadhani walistaafu. Kuna kijana dukani Mtaa wa Aggrey nimemuuliza, hakuwahi kulisikia neno hilo. Akaniita anko.

* * *

Kuna kipindi tulijaribu neno moja kwa wote. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, "ndugu" lilikaa mbele ya jina la waziri na la mfagizi. Lilikuwa halichagui mwanamume wala mwanamke, mwenye cheo wala asiye nacho. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, "mheshimiwa" naye alikuwa anarudi, na hajatoka tena. Ndugu amebaki kwenye mikutano ya chama, misibani na kwenye barua za kukataliwa kazi.

* * *

Mgeni mpya ni gaizi. Binti wa duka la magauni anashika simu, anajirekodi: "Haya gaizi, mzigo mpya umeingia!" Wateja wake wote ni wanawake. Neno hili lilianza na mtu mmoja, Guy Fawkes, aliyekamatwa London Novemba 1605 na baruti chini ya Bunge. Wakawa wanachoma kinyago chake kila mwaka, kinyago kikaitwa kwa jina lake, kisha mtu yeyote aliyevaa hovyo, kisha mwanamume yeyote, na huko Marekani wingi wake ukawameza na wanawake. Machinga alisafiri hivyohivyo: jina la watu wa Lindi, leo ni yeyote aliyetandika turubai barabarani, awe Mgogo au Mchaga.

Kiswahili hakikuwa na shida hiyo ya jinsia, maana "wao" ni wao na "mfanyabiashara" hana jinsia. Shida tumejitengenezea jikoni. Mama lishe alitawala masufuria ya Kariakoo peke yake hadi wanaume walipoona faida, nasi badala ya kutafuta neno la wote tukatunga baba lishe. Aliye karibu na Soko la Mchikichini ana wali maharage mzuri. Ukimwita "mama lishe" anacheka, ila nyama anakupunguzia.